Bwana Afya Aliyeibandikia Ilani Nyumba Yake

Wasifu wa marehemu Anselimu Fabiani Lohay (1931–1989). Umeandikwa na bintiye wa kwanza, Evangelina, na unasomwa na mwanawe Damasi. Nangara, Babati, Jumamosi tarehe 16 Septemba 1989.

Mtu tunayemsindikiza leo, ambaye Babati nzima iliendelea kumwita Bwana Afya hata baada ya kustaafu, alizaliwa Kainam, Mbulu, tarehe 21 Aprili 1931. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Anselimu, kwa hiyo padre hakusumbuka kumtafutia jina. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Fabiani Lohay na Mama Romana. Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya udongo, nusu yake imezama ndani ya kilima, na watu na ndama walilala chini ya paa moja. Alipenda kusema kwamba alijifunza kukohoa kabla ya kujifunza kusema, na wageni walicheka. Nyumbani hatukucheka sana, kwa sababu tulijua kinachofuata. Dada yake, Antonia, alifariki kwa kifua mwaka 1938 katika nyumba hiyo, akiwa na miaka kumi, na Anselimu ndiye aliyekuwa akilala naye kwenye ngozi moja ya ng'ombe.

Alianza shule ya misheni Tlawi mwaka 1940, akiwa na miaka tisa, baada ya baba yake kukubali kwamba mbuzi wangeweza kuchungwa na mtu mwingine. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba, na mwalimu wa kwaya alimpa kazi ya kufungua na kufunga madirisha ya kanisa. Alimaliza shule ya kati Mbulu mwaka 1950, kisha akapelekwa Arusha kwenye mafunzo ya mabwana afya, akahitimu mwezi Desemba 1953. Alirudi na sare ya kaki, baiskeli, na futi kamba ya chuma. Sare ilichakaa na baiskeli iliibwa. Futi kamba alikuwa nayo mpaka wiki hii.

Kazi aliianzia Mbulu, akahamishiwa Babati tarehe 1 Februari 1961, na hapa ndipo alipobaki. Alikagua mabucha, visima, vilabu vya pombe na vyoo, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ya nyumba. Sheria aliikariri kama sala ya asubuhi: kila chumba cha kulala kiwe na dirisha lisilopungua moja ya kumi ya sakafu, mifugo isilale na watu, choo kiwe mbali na kisima. Alipoalikwa harusini, bibi harusi alikuwa hajaingia bado yeye amekwisha kuhesabu madirisha ya ukumbi. Mama yetu alimwonea aibu mara nyingi, na leo ameturuhusu tuseme hivyo.

Hakuwa fundi wa kazi yake tangu mwanzo. Mwaka 1963 alimwandikia Mzee Amsi wa Mutuka ilani kwamba, ifikapo mwisho wa Agosti, ng'ombe na watu watenganishwe, na akamchorea ramani ya nyumba bora ya vyumba viwili na madirisha manne. Agosti ilipoisha alirudi, akaikuta nyumba imesimama, imepigwa udongo vizuri, madirisha yote manne yapo mahali pake. Akapiga hodi. Aliyechungulia dirishani alikuwa fahali.

"Karibu, Bwana Afya," Mzee Amsi akamwambia, akitokea kwenye nyumba ile ile ya zamani huku moshi ukimfuata. "Nimefanya ulivyoandika. Karatasi ilisema ng'ombe watoke. Wametoka."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi hukuniandika."

Bwana Afya alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona kwamba kosa lilikuwa la karatasi yake. Ilisema nani aondoke na haikusema nani atalala wapi. Tangu siku hiyo, chini ya kila ilani aliyoandika, aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: *Watalala wapi?* Akajiwekea sharti kwamba mstari huo ukiwa mtupu, hatii sahihi. Wakubwa wake walimwambia mstari huo haumo kwenye fomu. Alijibu kwamba unaingia vizuri tu, nafasi ipo.

Ndoa yake na mama yetu, Xaveria, binti wa Dareda, ilifungwa katika kanisa la Dareda tarehe 18 Oktoba 1958. Wasimamizi wa ndoa walikuwa Mzee Kasimiri Bura na mkewe, Mama Ursula. Ni Mzee Kasimiri aliyemkopesha bwana harusi viatu, na ni yeye aliyemwinua aliposahau kusimama wakati wa kuapa. Watu hawa wawili walikuwa zaidi ya ndugu. Tunaomba hilo likumbukwe, maana yanayofuata yanamhusu Mzee Kasimiri, ambaye amekaa pale mbele karibu na jeneza. Jana tulimwuliza kama tuyaache. Akasema, "Someni yote. Mkipunguza, nitasimama niyaongeze mwenyewe."

Wote mnaikumbuka miaka ile ya mwanzo wa themanini. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na saruji ilikuwa habari tu. Bati lilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa mtu unayemjua. Mabwana afya wengi waliacha kukagua nyumba, kwa sababu kila mwenye nyumba alikuwa na jibu moja: hakuna vifaa. Anselimu hakuacha. Alichukua daftari lake, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto aliandika vitu vinavyohitaji duka, yaani saruji, bati, misumari, kioo. Upande wa kulia aliandika visivyohitaji duka, yaani dirisha, mtaro, shimo la choo, na kuhamisha ndama. Upande wa kushoto alisamehe watu wote. Upande wa kulia hakumsamehe mtu yeyote.

"Dirisha ni tundu," alikuwa akiwaambia. "Huongezi kitu ukutani, unapunguza. Na hewa haigawiwi kwa kibali."

Serikali za mitaa ziliporudishwa, na wilaya yetu mpya ya Babati ikaanza, halmashauri ilitaka kuonyesha kwamba ina meno. Mwezi Machi 1986 bwana afya mkuu, kijana msomi aliyeitwa Alawi, alipewa kazi ya kufunga nyumba zisizofaa kuishi watu. Ya kwanza katika orodha ilikuwa nyumba ya nyuma ya soko, yenye vyumba kumi na viwili na watu arobaini na mmoja. Ilijengwa mwaka 1974 iwe ghala la mahindi na mbaazi, na ghala halitaki madirisha. Mji ulipojaa, mbaazi zikatoka na watu wakaingia. Katika miezi sita watu watatu wa nyumba hiyo walikuwa wamepatikana na kifua kikuu, na mmoja alikwisha kuzikwa. Mwenye nyumba alikuwa Kasimiri Bura.

Bwana Alawi aliandaa ilani: wapangaji wote watoke ndani ya siku kumi na nne, nyumba ipigwe alama nyekundu. Masika yalikuwa yamekolea. Anselimu ndiye aliyekuwa bwana afya wa eneo, kwa hiyo sahihi ilitakiwa yake. Alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu, na nyumba aliyokaa na familia yake ilikuwa ya halmashauri. Alichukua karatasi, akaenda nayo nyuma ya soko, akapita chumba hadi chumba. Chumba namba tano alimkuta Mama Fabiani, yaani Kandida, mama mjane aliyekuwa akiuza dagaa. Alikuwa anakohoa na kumeza dawa, na watoto wake watatu wamekaa kitandani kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kukaa.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, Mama Fabiani. Umesikia habari ya karatasi?"

"Nimesikia. Usipoandika, tunakufa humu ndani. Ukiandika, tunalala kwenye mvua. Mimi sikusoma, lakini wewe umesoma. Andika vizuri basi."

Alirudi ofisini, akajaza tarehe, akajaza namba ya kiwanja, na kwenye mstari wake wa mwisho hakuwa na cha kuandika. Akamrudishia Bwana Alawi karatasi bila sahihi. Badala yake akaandika nyingine: wapangaji wabaki, mwenye nyumba atoboe dirisha kila chumba ndani ya siku thelathini. Bwana Alawi alimwambia waziwazi kwamba halmashauri inataka nyumba iliyofungwa, haitaki hadithi. Akampa siku hizo thelathini. Zikiisha bila madirisha, watu watatolewa, na Anselimu atajieleza kwa kukataa amri.

Mzee Kasimiri aliipokea ilani vibaya. Hakuamini kwamba mtu aliyevaa viatu vyake siku ya harusi angempelekea karatasi yenye muhuri. Kwenye mkutano wa mtaa, Jumapili baada ya misa, alisimama mbele ya watu.

"Ukuta ule ni wa tofali mbichi," akasema. "Nikiutoboa utaanguka. Na wewe, Baba Evangelina, unanifundisha mimi madirisha? Damasi na wadogo zake wanalala wapi? Si stoo, kwenye nyumba hiyo ya serikali? Stoo ina dirisha?"

Watu walicheka. Tulirudi nyumbani, Bwana Afya mbele, sisi nyuma. Alipofika hakuvua hata koti. Alichukua futi kamba akaingia stoo, tukamsikia akipima. Sakafu futi nane kwa tisa. Dirisha, hakuna. Miaka kumi alikuwa amepita mbele ya mlango ule kila asubuhi akienda kukagua nyumba za watu, na wanawe watatu wa kiume walikuwa ndani. Alitoka akakaa jikoni na mama, akamwambia, "Mama Evangelina, nimekuwa kama Mzee Amsi. Sikujiandika." Mama anasema ndiyo mara pekee aliyomwona akilia tangu walipooana.

Kesho yake asubuhi aliandika ilani. Nyumba namba saba, mali ya halmashauri, chumba kimoja hakifai kulala watu, dirisha litobolewe ndani ya siku thelathini. Kwenye mstari wa mwisho alijaza: *Watoto watalala sebuleni, baba na mama watawapisha.* Akatia sahihi na muhuri, akabandika nakala moja kwenye mlango wake kwa ugali uliopoa, maana gundi nayo haikuwepo, na nakala ya pili akaipeleka kwa mkono wake kwa mkurugenzi.

Ofisini palichemka. Hakuna aliyewahi kusikia mtumishi akiishtaki halmashauri kwa nyumba aliyopewa bure. Bwana Alawi alimwita.

"Mzee wangu, miezi mitatu tu imebaki. Unataka ukose hata barua ya kukushukuru?"

"Barua nitaiweka wapi, mwanangu? Stoo hakuna mwanga wa kuisomea."

Halmashauri ilijibu kwamba haina fungu. Sheria inasema mwenye nyumba akishindwa, bwana afya anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Jumamosi tarehe 12 Aprili, saa tatu asubuhi, marehemu aliazima patasi na nyundo, akapiga mstari wa mkaa ukutani, akaanza. Ukuta wa nyumba ya serikali ulikuwa wa tofali mbichi, sawasawa na wa Mzee Kasimiri. Watu wa sokoni walijaa uani, wengine kwa kumwonea huruma, wengine wakisubiri ukuta uanguke. Na Mzee Kasimiri alikuja. Alisimama nyuma kabisa, mikono mgongoni.

Bwana Afya hakuwa fundi. Alianza kutoboa kutoka chini, na tofali za juu zikaanza kucheza. Vumbi likamwagika. Mtu akasema, "Unaona sasa." Ndipo Mzee Kasimiri, aliyejenga nyumba nne kwa mikono yake, aliposhindwa kuvumilia kuona kazi ikiharibiwa. Akapenya katikati ya watu, akamnyang'anya patasi.

"Toka hapo, utaua watoto. Kwanza unaweka boriti juu, halafu ndipo unatoa tofali chini yake. Nani alikufundisha wewe?"

Akaagiza kipande cha mti wa mgunga, akakipachika ukutani, akakata tofali moja moja kwa utulivu, na saa saba mchana mwanga uliingia stoo kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe. Damasi, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa ndani. Aliona kwamba ukuta aliolala akiuegemea miaka yote ulikuwa mweusi kwa ukungu kutoka sakafuni hadi darini. Mzee Kasimiri naye aliuona, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimeingia dirishani. Alikitoa polepole.

"Baba Evangelina," akasema, "na kwangu kuko hivi?"

"Kwako ni vyumba kumi na viwili, Msimamizi."

Jumatatu alfajiri Mzee Kasimiri alikuwa nyuma ya soko na boriti kumi na mbili za mgunga, na wapangaji wote wenye nguvu walikuwa naye. Bwana Afya alipima, Mzee Kasimiri alikata, wanawake walibeba udongo. Milango ya madirisha ilitengenezwa kwa mbao za masanduku ya zamani, na bawaba zilikuwa vipande vya tairi. Hakuna kitu hata kimoja kilichotoka dukani. Siku ya nne, tarehe 17 Aprili, dirisha la kumi na mbili lilifunguliwa, na zilikuwa zimebaki siku sita katika zile thelathini. Watu arobaini na mmoja walilala kwenye vitanda vyao, ukuta haukuanguka, na hakuna aliyelala nje hata usiku mmoja. Mama Fabiani alitoa kichwa katika dirisha la namba tano akaita majirani waje waone wanawe wana rangi gani, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajawahi kuwaona vizuri ndani ya chumba chake.

Bwana Alawi alikuja kukagua akiwa na kopo la rangi nyekundu. Alizunguka nyumba mara mbili, akaazima futi kamba, akapima dirisha moja, kisha la pili. Rangi aliirudisha ofisini bila kuifungua. Yeye ndiye aliyependekeza orodha iliyobaki ishughulikiwe kwa namna hiyo hiyo, na mpaka mwaka ulipoisha nyumba thelathini na nne za Babati mjini, Sigino na Nangara zilikuwa zimetobolewa madirisha, nyingi Mzee Kasimiri akiwa ndiye fundi. Katika nyumba ya nyuma ya soko, tangu siku ile hadi leo, hajapatikana mgonjwa mpya wa kifua. Mama Fabiani alimaliza dawa zake, akapona, na maharage mtakayokula leo ameyapika yeye.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1986. Barua ya kumshukuru aliipata, imesainiwa na Bwana Alawi, na aliisomea stoo, kwa makusudi. Alihamia hapa Nangara, akajenga nyumba yake mwenyewe, akalima mahindi na maharage. Nyumba hii ina madirisha kumi na manane. Waliolala hapa wakati wa baridi ya Julai wanajua kwamba alizidisha.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kusumbuliwa na figo. Alilazwa hospitali mara mbili, na kwa wiki tatu za mwisho wauguzi walimhudumia kwa moyo, nasi tunawashukuru sana. Siku ya kwanza wodini aliomba futi kamba yake, akampa mwanawe apime dirisha lililokuwa juu ya kitanda chake, akapiga hesabu kwa vidole. "Limezidi," akasema. "Sasa naweza kuugua vizuri." Alipokea sakramenti ya wagonjwa Jumanne jioni. Alfajiri ya Jumatano tarehe 13 Septemba 1989, Mzee Kasimiri akiwa amemshika mkono upande mmoja na mama upande wa pili, aliomba dirisha lifunguliwe zaidi. Likafunguliwa. Akavuta pumzi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Habari ilipofika sokoni asubuhi ile, wapangaji wa nyumba ya ghala walifungua madirisha yote kumi na mawili, na hawajayafunga hadi sasa, mchana wala usiku. Wamesema watayafunga tukishamaliza kuzika.

Ameacha mjane, Mama Xaveria. Watoto watano, Evangelina, Romana, Damasi, Herieli na kitinda mimba Fabiola, pamoja na Sadallah, mtoto wa jirani aliyelelewa nasi kama ndugu, wa tatu katika wale wavulana waliolala stoo. Ameacha wajukuu sita, kaka mmoja huko Kainam, msimamizi wa ndoa yake, na futi kamba moja, ambayo kuanzia leo ni ya Damasi.

Kwenye daftari lake la mwisho tumekuta ilani tupu, haina jina, lakini ule mstari wa chini alikwisha kuuandika kwa mkono wake, kama kawaida yake. Familia imekaa ikaona isimwache bila jibu, kwani yeye hakuwahi kumwacha mtu hivyo. Kwa hiyo tumeugeuza uwe wa mtu mmoja, tukaujaza, Mzee Kasimiri na mama wametia sahihi, na karatasi tumeiweka mfukoni mwa koti lake:

*Atalala wapi? Nangara, kwenye shamba lake mwenyewe, upande wa mashariki, penye upepo.*

Lala kwa amani, Bwana Afya. Pamekaguliwa.